SOMO: NANI ATAMSEMEA ALIYETEKWA MBALI?

Fungu la kusoma: Yeremia 38:7-13

Hapa Gatsata wengi wetu tunaye ndugu aliyechukuliwa porini kule Kongo, na mpaka leo hatuna habari zake. Kwa hiyo tujifunze jinsi mateka wanavyotafutwa.

Tarehe 21 Julai 2004, madereva 7 wa malori wa kampuni moja ya Kuwait walitekwa Iraki: Wakenya 3, Wahindi 3 na Mmisri 1. Watekaji walitishia kuwaua mmoja mmoja kampuni isipoondoka Iraki. Kenya na India hazikuwa na jeshi kule, lakini watu wao walikamatwa.

1. Mateka anahitaji msemaji. India ilimtuma Balozi Talmiz Ahmad mpaka Baghdad. Mzee wa kabila, Sheikh Hisham al-Dulaimi, akasimama katikati. Ebedmeleki naye alikuwa mgeni, Mkushi, lakini alikuwa na mlango kwa mfalme Sedekia, akaingia akasema.

2. Tusitangulize habari. Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba wameachiliwa, kisha ikalifuta tangazo lake. Mfikirieni mama aliyekwisha kushangilia! Nasi tukipigiwa simu kutoka Kongo, tuhakikishe kwanza ndipo tuiambie familia.

3. Tusichoke. Kampuni ilikubali kuacha kazi Iraki, na tarehe 1 Septemba, baada ya siku 42, wote 7 walitoka wazima.

Sisi wakimbizi tutasema: hatuna balozi. Ni kweli, lakini mlango upo. Msalaba Mwekundu hutafuta waliopotea na kupeleka barua za jamaa bila malipo. Tuandikishe jina la ndugu yetu, mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho. Kuomba bila kwenda kuandikisha ni kumwacha shimoni.

Tena tuangalie yale matambara. Ebedmeleki aliyaweka chini ya kamba, Yeremia asiumie makwapani. Vivyo hivyo anayerudi tusimzunguke na maswali. Tumpe maji, chakula na kitanda. Atasema siku yake.

Maswali ya nyumbani:
- Ni jina gani katika jamaa yetu halijaandikishwa bado? Nani atakwenda, na siku gani?
- Kumlipa mtekaji kunaokoa mmoja, lakini kwaweza kumtia tamaa ya kuteka wengine. Tungefanyaje?

Bwana awalinde walio mbali.