MBUNG'O: NZI ANAYENYONYESHA

Leo tumuache mbu apumzike kidogo, maana kila siku anasemwa yeye. Tumzungumzie mdudu ambaye wengi wetu hukutana naye siku ya ziara ya shule mbugani, pale mtu anapopiga kelele ndani ya basi na wenzake wanamcheka. Ni mbung'o. Sehemu nyingine anaitwa ndorobo.

Somo hili ni la baiolojia, lakini ni la afya pia. Mbung'o ndiye anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Tena ni somo linaloonyesha jinsi watafiti wanavyofanya kazi: mdudu huyu alipigwa vita kwa mashoka na bunduki kwa miaka mingi bila kuisha, mpaka watu walipokaa chini wakachunguza anavyoishi.

JE, UNAMJUA UKIMWONA?

Kuna aina zipatazo 30 za mbung'o, na wanaishi Afrika kusini mwa jangwa la Sahara, katika nchi zaidi ya 30. Wengine wana ukubwa wa nzi wa kawaida, wengine wanamzidi. Rangi ni ya kahawia. Mtazame anapotua: mabawa hulala moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo umetokeza mbele kama sindano. Anauma mchana, tena hata kupitia nguo nyepesi. Na kwa mbung'o, dume na jike wote hunywa damu. Mbu si hivyo, kwake ni jike tu.

Sasa tuje kwenye uzazi wake, maana hapa ndipo penye utamu wa somo lenyewe.

Ukiulizwa kwenye mtihani hatua za maisha ya nzi, utajibu bila kufikiri: yai, buu, pupa, nzi kamili. Jibu zuri. Nzi wa chooni hutaga mayai mia moja hivi kwa mkupuo mmoja, halafu anayaacha hapo hapo kwenye uchafu na kwenda zake. Mbung'o hatagi. Jike hutoa yai moja tu, na yai hilo linaanguliwa ndani ya mji wa mimba. Buu anabaki humo humo akinywa maziwa kutoka kwenye tezi maalumu ya mama yake. Ndiyo, maziwa! Yana mafuta na protini, kama ya ng'ombe. Baada ya siku 9 au 10 hivi jike anazaa buu mmoja, ambaye uzito wake unakaribia uzito wa mama mwenyewe. Hebu fikiria mama wa kilo 60 akijifungua mtoto wa kilo 60!

Buu huyo hali chochote tena. Anajichimbia kwenye udongo laini wa kivulini, anakuwa pupa, na baada ya mwezi mmoja hivi anatoka mbung'o kamili mwenye njaa. Jike akibahatika kuishi miezi miwili au mitatu, atakuwa amezaa watoto wapatao kumi basi. Kwa mdudu, hiyo ni familia ndogo sana.

Kuna jambo jingine. Damu peke yake haina vitamini B za kutosha. Mbung'o anaishije basi? Kumbe ana bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake, wanaoitwa Wigglesworthia, ambao wanamtengenezea vitamini hizo. Mama huwarithisha watoto kwa njia ya yale maziwa. Jike akikosa bakteria hawa, hazai. Watafiti wengi leo wanauchunguza urafiki huu, maana pale mdudu anapomtegemea mwingine ndipo penye mlango wa kumdhibiti.

Na hesabu nazo zinasaidia. Utafiti wa miaka mingi nchini Zimbabwe ulionyesha kwamba ukiweza kuua majike 4 katika kila 100 kila siku, kundi zima linapungua mpaka kutoweka. Kwa mbu au nzi wa kawaida asilimia 4 ni sawa na kuchota bahari kwa kijiko. Kwa mbung'o inatosha, kwa sababu hana watoto wa kujaza pengo.

UGONJWA WENYEWE

Vimelea vya malale ni viumbe vidogo vyenye seli moja, vinaitwa tripanosoma. Mbung'o huvipata anapomnyonya mtu au mnyama aliye navyo, vinakomaa ndani yake, halafu anamwachia mwingine anapomuuma.

Malale ziko za aina mbili. Ile ya Afrika Magharibi na Kati huenda polepole, mtu anaweza kukaa nayo miezi au miaka. Ile ya kwetu Afrika Mashariki na Kusini haina subira, inaweza kumaliza mtu kwa wiki au miezi michache. Uganda peke yake ndiyo yenye aina zote mbili. Aina ya kwetu hukaa pia ndani ya wanyama wa porini, kama vile pongo, bila kuwaugua, na hukaa ndani ya ng'ombe.

Dalili huanza kama homa nyingine yoyote: joto, kichwa, maumivu ya viungo, wakati mwingine uvimbe mwekundu wenye maumivu pale ulipoumwa. Baadaye vimelea vinaingia kwenye ubongo. Hapo mgonjwa anachanganyikiwa, tabia inabadilika, analala mchana na usiku anakesha. Jina la malale limetoka hapo. Asipotibiwa, karibu mara zote hufa.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, ugonjwa huu uliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 ndani ya miaka isiyozidi 20. Visiwa vizima vilihamishwa watu. Mwaka 1998 nchi za Afrika zilitangaza karibu wagonjwa 40,000, na wengi zaidi hawakupimwa. Tangu 2018 wanaotangazwa kila mwaka hawafiki 1,000. Kenya ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani, yaani WHO, mwezi Agosti 2025 kwamba malale si tishio tena kwa afya ya jamii yake. Lakini usishangilie mapema: Ethiopia, iliyokuwa imekaa miaka mingi bila mgonjwa, ilipata wagonjwa tena mwaka 2022.

VITA YA MASHOKA

Zamani watawala wa kikoloni walifikiri hivi: mbung'o anapenda kivuli, basi tukate miti. Anakunywa damu ya wanyama, basi tuwaue wanyama. Katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wanyama wa porini waliopigwa risasi kwa sababu hiyo ni malaki. Huku Tanganyika, mtaalamu Charles Swynnerton aliongoza ufyekaji mkubwa wa vichaka huko Shinyanga katika miaka ya 1920. (Kuna mbung'o mmoja anayeitwa Glossina swynnertoni kwa heshima yake. Sijui mimi ningefurahi nzi akipewa jina langu!)

Mbung'o walipungua kweli Shinyanga. Lakini miti nayo iliondoka, ng'ombe wakaongezeka, na mashamba ya pamba yakafuata. Ilipofika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa kavu na udongo unapeperuka. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na Wasukuma wakafufua ngitili zao, zile sehemu za malisho zinazofungwa ili miti na majani vipumzike. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto. Kwa hiyo vizazi vya baadaye ndivyo vilivyokuja kulipa deni la ile vita ya mbung'o.

UNGUJA WALIFANYA TOFAUTI

Kisiwani Unguja alikuwepo mbung'o wa aina moja tu, Glossina austeni. Hakuwa akileta malale kwa watu wa pale, lakini nagana ilikuwa inawamaliza ng'ombe. Kwanza ng'ombe walimwagiwa dawa mgongoni, na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa msituni. Mbung'o wakapungua sana, lakini katika msitu wa Jozani hawakuisha.

Sasa kumbuka jambo ambalo sijakwambia bado: jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Mbegu za siku hiyo anazihifadhi na kuzitumia maisha yake yote. Je, kama huyo dume wa kwanza na wa mwisho hana mbegu nzima?

Mjini Tanga, kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o, wataalamu walifuga mbung'o kwa wingi na kuwalisha damu kupitia utando laini badala ya ngozi ya mnyama. Madume walipigwa mionzi ya gama kwa kipimo maalumu. Hawakuwa mahanithi, waliruka na kupanda kama kawaida, ila mbegu zao hazikuweza kutoa mtoto. Wakafungwa kwenye maboksi na kudondoshwa kutoka kwenye ndege ndogo juu ya kisiwa. Kuanzia Agosti 1994 mpaka mwisho wa 1997, madume zaidi ya milioni 8 waliachiliwa.

Piga hesabu mwenyewe. Kama kwa kila dume mmoja wa porini unaleta 9 waliopigwa mionzi, basi katika majike 10 ni mmoja tu atakayezaa. Kizazi kinachofuata madume wa porini wamekuwa wachache zaidi, wewe bado unaleta wale wale wengi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Hakuna mti uliokatwa kwa kazi hiyo. Msitu wa Jozani upo, na tangu 2004 ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na kima punju wake wanaendelea kurukaruka juu ya vichwa vya watalii.

Kwa nini tusifanye hivyo hivyo Bara kesho asubuhi? Kwa sababu Unguja ni kisiwa. Bahari ilizuia mbung'o wengine kurudi. Bara ukimaliza pori hili, wa pori la jirani wanahamia. Gharama nayo si mchezo. Na mimi binafsi nina swali moja ambalo hata wataalamu wanabishana juu yake: pori likishakuwa halina mbung'o, ng'ombe na mashamba yataingia mpaka wapi?

PUA NA MACHO YA MBUNG'O

Ndiyo maana utafiti wa leo unamtazama zaidi anavyonusa na anavyoona. Rangi ya bluu humvuta kutoka mbali, na nyeusi humfanya atue. Kituo cha icipe nchini Kenya kilitengeneza mtego uitwao NGU, kutokana na jina la Nguruman ulikofanyiwa majaribio. Umeshonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, na chambo chake ni mkojo wa ng'ombe pamoja na asetoni. Fundi cherehani wa kijijini anaushona. Kaskazini-magharibi mwa Uganda, vitambaa vidogo vya bluu vyenye dawa, urefu wa sentimita 50 tu, vimechomekwa kando ya mito na kupunguza mbung'o kwa zaidi ya asilimia 90.

Upande wa kunusa, mwalimu alikuwa mnyama. Kuro, yule swala mkubwa mwenye duara jeupe matakoni, anaishi katikati ya mbung'o lakini hawamgusi sana. Watafiti wa icipe wakakusanya harufu yake, wakaichambua, wakatengeneza mchanganyiko unaofanana nayo na kuutia kwenye vichupa vya kumvisha ng'ombe shingoni. Ng'ombe ananukia kuro, mbung'o anapita mbali! Kwenye majaribio huko Kwale, ugonjwa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Pundamilia naye anachunguzwa, mistari yake na harufu yake.

Halafu kuna joto. Katika bonde la Zambezi nchini Zimbabwe, kwenye kituo cha Rekomitjie, mwaka 1990 watafiti walinasa mbung'o zaidi ya 50 kwa mnyama mmoja wakati wa mchana wa jioni. Kufikia 2017 walikuwa wanapata chini ya mmoja kwa siku kumi za kutega. Hali ya hewa imekuwa ya joto kupita uwezo wao. Habari njema? Kwa Rekomitjie labda. Lakini miinuko ambayo zamani ilikuwa baridi mno kwa mbung'o inaweza sasa kuwa ya wastani, na watu wa huko hawajawahi kumfahamu.

UKIENDA KULIKO NA MBUNG'O

Kama unachunga, unarina asali, unakata kuni karibu na hifadhi, au shule yenu inaenda ziara, vaa nguo nzito za mikono mirefu, rangi ya kaki au ya udongo. Hili nawaambia hasa walimu wanaosisitiza sare: sketi na suruali za bluu siku ya ziara mbugani ni kumwita mbung'o kwa jina lake. Gari likiingia porini fungeni madirisha, maana mbung'o hufuata kitu kikubwa kinachotembea. Hakuna chanjo ya malale. Neti haisaidii sana mchana wakati uko njiani.

Kuumwa na mbung'o peke yake si kuugua, wengi wao hawana vimelea vya malale. Ila ukipata homa siku au wiki chache baada ya kuumwa, usiishie duka la dawa kununua za malaria. Kwenye zahanati mwambie mhudumu waziwazi: "Nilikuwa porini, mbung'o waliniuma." Asipoambiwa, kipimo cha haraka cha malaria kitasema huna malaria, na wewe utarudi nyumbani. Damu ikiwekwa chini ya hadubini, tripanosoma wanaonekana wakijipinda katikati ya chembe za damu.

Wazee wengine bado wanaogopa matibabu kwa sababu ya dawa ya zamani yenye arseniki, ambayo ilichoma mishipa na kuua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100. Waeleze kuwa mambo yamebadilika. Kuna vidonge vya fexinidazole, vilivyokubaliwa mwaka 2018 kwa malale ya Magharibi na mwishoni mwa 2023 kwa ile ya kwetu. Vinamezwa siku 10, pamoja na chakula, mgonjwa akiangaliwa na wahudumu.