Pikapu ya Dizeli Isiyowaka Alfajiri: Somo kwa Wenye Magari ya Mipakani

Kibagabaga, katika Wilaya ya Gasabo jijini Kigali, ni mtaa wa miteremko. Mwenye kupita huko alfajiri, kabla soko la jirani la Kimironko halijachangamka, huenda akaona jambo lililozoeleka hata halimshangazi mtu: pikapu ya dizeli iliyolala nje imekataa kuwaka, dereva yumo ndani, vijana watatu au wanne wanaisukuma kwa nyuma, nayo inaanza kuteremka kilima ili atie gia na injini iamke. Mara nyingi huamka. Somo letu la leo linahusu ile siku moja isiyoamka.

Pikapu hizi tunazifahamu sote. Ndizo zinazopandisha ndizi, viazi na magunia ya mahindi kutoka Kirehe, Nyagatare na Burera hadi Kigali, na ndizo zinazorudi na saruji na sabuni hadi Rusumo, Kagitumba na Cyanika. Nyingi zina umri wa miaka 20 na zaidi. Hatuzidharau, kwa kuwa injini ya dizeli ya zamani, ikitunzwa, hudumu kuliko mwili wa gari lenyewe. Lakini mwenye nayo ni lazima aijue, na jambo la kwanza la kulijua ni kwamba breki zake zinategemea injini.

Kanyagio la breki husaidiwa na busta, lile duara kubwa la bati lililo mbele ya dereva chini ya boneti. Busta hufanya kazi kwa nguvu ya hewa inayonyonywa. Injini ya petroli hunyonya hewa hiyo yenyewe. Ya dizeli haiwezi, kwa hiyo hupewa pampu ndogo ya kunyonya hewa, ambayo katika pikapu nyingi za zamani za Toyota Hilux imefungwa nyuma ya alteneta. Injini ikizimika, pampu hiyo nayo husimama. Hewa iliyobaki katika busta hutosha kukanyaga mara mbili au tatu, na baada ya hapo kanyagio huwa gumu kama jiwe. Pikapu iliyokaa usiku kucha huenda haina hata akiba hiyo. Basi dereva anayeteremka Kibagabaga akiwa na shehena nyuma na injini iliyokufa, anashuka na gari ambalo huenda lisisimame pale anapotaka, na kama usukani wake ni wa nguvu ya mafuta, nao pia umekuwa mzito. Chini ya mteremko wapo watoto waendao shule na waendesha pikipiki. Kwa sababu hiyo tunasema wazi: pikapu isisukumwe kwenye mteremko ili iwake. Itafutwe sababu ya kutowaka.

Sababu hizo si nyingi, na nyingi zinatambulika bila chombo cha bei. Injini ya dizeli haina cheche. Huwaka kwa kuwa hewa ndani ya silinda inabanwa takribani mara 22 hadi inakuwa ya moto mkali, kisha dizeli inanyunyizwa ndani yake. Ikikosa mzunguko wa kasi kutoka kwa stata, au joto, au dizeli safi isiyo na hewa, haiwaki. Anza na betri. Stata ikizungusha kwa uvivu, usimlaumu fundi wa pampu. Safisha vichwa vya betri, kaza waya wa ardhi unaoshikana na chasisi, na ukiwa na mita, angalia kama nguvu ya betri haishuki chini ya volti 10 wakati wa kuzungusha.

Stata ikizunguka vizuri, mwombe mtu asimame nyuma atazame bomba la moshi. Hapa ndipo penye njia panda ya utambuzi wote. Moshi mweupe ukitoka huku injini haiwaki, dizeli inafika lakini haichomeki: shaka iende kwenye plagi za joto, au, kwa injini iliyochoka sana, kwenye mbano wa silinda. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki, na hapo kugusa plagi ni kupoteza asubuhi.

Plagi za joto hupimwa kwa balbu ndogo ya volti 12 na waya mbili. Ondoa ukanda wa chuma unaoziunganisha, funga waya mmoja kwenye chanya ya betri, kisha gusisha mwingine kwenye kichwa cha kila plagi. Inayowasha balbu ni nzima, isiyoiwasha imekufa. Tumeona magari yenye plagi tatu zilizokufa kati ya nne yakisukumwa miezi mingi, ilhali gharama ya plagi hizo haifiki hata gharama ya kuchomelea boneti iliyogonga ukuta. Kama plagi zote ni nzima, angalia kama umeme unazifikia ufunguo unapofunguliwa, maana rilei yake nayo huzeeka.

Kwa dizeli isiyofika, fungua ufunguo bila kuwasha, na usikilize kwenye pampu ya kupigia dizeli. Panapaswa kusikika mlio mdogo, tak, wa vali ya umeme inayoruhusu dizeli kupita. Kimya kikitawala, fuata waya wake na fyuzi kabla ya kuifungua pampu. Mlio ukisikika, mshukiwa mkubwa ni hewa. Dalili ya hewa ni hii: gari huwaka, hukimbia sekunde chache, hufa; ukibonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu, huwaka tena. Mahali fulani kati ya tangi na pampu pana mpira uliopasuka, klipu iliyolegea au oringi ya filta iliyokauka. Dizeli haivuji hapo, kwa sababu injini inapofanya kazi bomba hilo linanyonya; hewa ndiyo inayoingia.

Vilima vyetu, vinavyotusumbua kwa mengine, hapa vinatusaidia. Tangi liko nyuma. Usiku mmoja egesha gari pua ikitazama juu ya kilima, usiku wa pili pua ikitazama chini, na siku zote mbili weka kigingi nyuma au mbele ya tairi. Ikisumbua pua ikiwa juu na kuwaka upesi pua ikiwa chini, dizeli inarudi tangini usiku kupitia ufa huo. Kisha omba fundi aweke kwa muda kipande cha bomba angavu kati ya filta na pampu. Mapovu yakipita ndani yake, umepata ushahidi, nawe hutauziwa pampu usiyoihitaji.

Tuseme neno kuhusu dizeli ya madumu. Maeneo ya mipaka yana mafuta yasiyopita kwenye kituo, na bei yake huvutia. Achilia mbali kwamba ni magendo; pampu ya zamani hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hulainisha vibaya, na yenye maji hutia kutu ndani ya pampu na nozeli. Mwenye shaka ajaze chupa ya kioo, aiache usiku kucha. Maji ni mazito kuliko dizeli, asubuhi yatakuwa yamekaa chini. Chini ya filta nyingi kuna kizibo cha kumwagia maji. Kifunguliwe kila mwezi, na katika msimu wa mvua kila wiki.

Juu ya moshi mweusi tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kigali iko kwenye kimo cha takribani mita 1,500, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na turbo iliyopangiwa dizeli ya Dar es Salaam au Mombasa itapanda Shyorongi ikifuka hata kama haina ugonjwa. Lakini anza na filta ya hewa, ambayo vumbi la barabara za udongo huiziba haraka, kisha nozeli zipimwe. Wapo mafundi wanaoongeza dizeli kwa kuikaza skrubu ya pampu ili gari lipande na mzigo mkubwa zaidi. Litapanda kweli. Joto la ziada litaipasua silinda hedi, na moshi utaukosesha cheti kwenye ukaguzi. Moshi wa buluu ni habari nyingine: ni oili inayoungua, na dawa yake ni kufungua injini.

Kimo hichohicho kinagusa rejeta. Kwenye mwinuko wa Kigali maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, na huko Musanze chini ya hapo. Kifuniko kizima cha rejeta huyabana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Kifuniko chenye mpira uliochakaa, au kile cha kukopa kutoka gari jingine, kinaondoa kinga hiyo yote, na watu huishia kubadili pampu ya maji kwa kosa la kifuniko. Wala usikubali themostati itolewe na kutupwa. Katika baadhi ya injini kuiondoa huacha njia ya mkato wazi, maji yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi. Na kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto.

Injini za Toyota za 2L, 3L na 5L, ambazo ndizo nyingi katika pikapu za eneo letu, huendesha vali kwa mkanda wa mpira unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, vali hugongana na pistoni na safari huishia hapo. Injini ya Nissan TD27 hutumia meno ya chuma na haina hofu hiyo. Aliyenunua pikapu ya Toyota bila kumbukumbu yake auhesabu mkanda kuwa umekwisha, aubadili. Siku hiyohiyo ya kununua, kabla ya kulipa, alinganishe namba iliyogongwa kwenye chasisi na iliyo kwenye kadi. Namba iliyokwaruzwa au kuchomelewa upya isiaminiwe kwa maelezo yoyote, na taarifa itolewe kituo cha polisi kilicho karibu.

Turudi kwenye breki. Busta hupimwa hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano mpaka kanyagio liwe gumu, endelea kulikandamiza, kisha washa injini. Kanyagio likishuka kidogo, busta na pampu yake ni vizima. Lisiposhuka, gari lisitoke. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakishaunyonya huchemka upesi kwenye mteremko mrefu kama ule wa Buranga au wa kuingia Rusumo. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Nyuma, karibu na ekseli, pana vali inayoongeza nguvu ya breki za nyuma kulingana na uzito wa mzigo. Wanaoinua springi ili wabebe zaidi huidanganya vali hiyo idhani gari ni tupu, na breki za nyuma hulegea palepale zinapohitajiwa. Na kila mteremko ushukwe kwa gia ile ambayo ungeupandia, injini ikifanya kazi daima.

Kwa wanaovuka mpaka: magari ya Tanzania na Uganda hupita kushoto, ya Rwanda kulia. Taa za gari lenye usukani wa kulia huinua mwanga upande wa kushoto, yaani, zikishaingia Rwanda, humulika machoni mwa anayekuja. Fundi azirekebishe kabla ya safari za usiku.

Likiharibika njiani, litolewe barabarani kadiri inavyowezekana, pembetatu iwekwe mbali nyuma, na ukiondoka, uondoe mawe uliyokingia matairi. Jiwe lililoachwa kwenye lami usiku humngojea mwendesha pikipiki. Penye ajali, namba ya polisi wa barabarani nchini Rwanda ni 113, na ya dharura ni 112.

Tunashauri pia kila mwenye gari anunue daftari dogo, alikalishe ndani ya gari, na aandike humo tarehe na kilomita za kila oili, filta, mkanda na mafuta ya breki. Fundi mpya atalisoma kabla hajafungua hata nati moja.