Uzito Gani Unakufaa Wewe?

Mwezi wa Desemba, mabasi kutoka Nairobi yanapowashusha abiria katika soko la Zombe, mashariki mwa Kitui, kuna maneno ambayo hayakosi kusikika: "Umenona! Nairobi imekukubali." Anayeambiwa hivyo hufurahi. Lakini mwenzake aliyerudi akiwa amepungua mwili huvutwa kando na kuulizwa kwa sauti ya chini, "Mwanangu, una nini?"

Msomaji mpendwa, maneno hayo mawili yamewafanya watu wengi kuogopa kupunguza mwili hata baada ya kuambiwa na daktari kwamba shinikizo lao la damu limepanda. Katika somo la leo tutaona jinsi mtu anavyoweza kujichagulia uzito unaomfaa bila kuongozwa na maneno ya watu. Tafuta kalamu, karatasi na utepe wa kupimia kama ule wa fundi wa nguo.

Kwa nini unene husifiwa

Kitui ni eneo kame. Mvua ikikosa msimu mmoja baada ya mwingine, ghala hubaki tupu. Wazee wanaikumbuka njaa ya 1961 na ile ya 1984. Katika nchi ya namna hiyo, mtu mwenye mwili ni mtu aliyekula, na aliyekula ni mtu mwenye heri.

Kisha miaka ya 1980 ukaja UKIMWI. Majirani zetu wa Uganda waliuita "Slim", yaani ugonjwa wa kukonda, na tangu hapo kukonda kukawa jambo la kushukiwa. Leo watu wengi wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi wana miili ya kawaida, na wengine ni wanene. Huwezi kumtazama mtu kwa macho ukajua hali ya damu yake.

Wakati huohuo unene umezidi nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2008-09 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito uliopita kiasi. Ule wa 2014 ulionyesha mmoja kati ya watatu, na tatizo ni kubwa zaidi mijini. Sababu haiko mbali. Kule Zombe mtu hutembea kwenda shambani na kuteka maji, na chakula chake ni muthokoi, kunde na ndengu. Akihamia Nairobi huketi ndani ya matatu, huketi dukani au ofisini, na chipsi, mandazi na soda ziko kila kona. Mwili wake haujawa mvivu. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

Hatua ya kwanza: jua ulipo

Jipime uzito asubuhi kabla ya kula, ukiwa umevaa nguo nyepesi bila viatu. Mizani ya sokoni inayopimia magunia ya ndengu inaweza kukupa makisio, lakini afadhali ile ya zahanati. Tumia mizani ileile kila mara. Kisha pima urefu wako ukiwa umesimama wima ukutani.

Sasa tufanye hesabu. Tumchukulie mama mfanyabiashara, mzaliwa wa Zombe anayeishi Nairobi. Urefu wake ni mita 1.6 na uzito wake ni kilo 86. Zidisha urefu kwa urefu: 1.6 mara 1.6 ni 2.56. Gawanya uzito kwa jawabu hilo: 86 kwa 2.56 ni 33.6. Madaktari hukiita kipimo hiki BMI.

Kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani lina viwango hivi: chini ya 18.5 ni uzito mdogo kuliko unaofaa; 18.5 hadi 24.9 ni wa kawaida. 25 hadi 29.9 umezidi, 30 na zaidi ni unene wa kupindukia. Kwa hivyo uzito wa kawaida ni takriban:

Urefu wa sentimita 150: kilo 42 hadi 56
Urefu wa sentimita 160: kilo 47 hadi 64
Urefu wa sentimita 170: kilo 54 hadi 72
Urefu wa sentimita 180: kilo 60 hadi 81

Hatua ya pili: pima kiuno

Hesabu tuliyofanya ilibuniwa katika karne ya 19 na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu wa Ubelgiji. Yeye alikuwa akichunguza makundi ya watu, si mgonjwa mmoja mmoja. Ndiyo maana hesabu hiyo haiwezi kutofautisha misuli na mafuta. Kijana anayebeba magunia sokoni anaweza kupata 26 na awe mzima kabisa, ilhali karani mwenye 24 na kitambi akawa hatarini.

Mafuta yaliyo tumboni ndiyo yenye madhara zaidi kwa moyo na sukari ya damu. Pitisha utepe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje bila kubana tumbo, kisha usome. Hatari huanza kuongezeka mwanamke anapopita sentimita 80 na mwanamume anapopita 94. Huwa kubwa zaidi kuanzia 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanamume.

Hatua ya tatu: weka lengo

Hapa ndipo wengi hukosea. Mama wa mfano wetu akitazama jedwali ataona kwamba anapaswa kufika kilo 64, yaani apunguze kilo 22. Atajinyima chakula majuma matatu, atachoka, na kilo zote zitarudi. Mwingine huchagua uzito aliokuwa nao siku ya harusi yake miaka 20 iliyopita. Mwingine humwiga jirani ambaye hata urefu wao haulingani.

Lengo la kwanza lililo zuri ni kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito ulio nao leo. Kwa mama huyu ni kilo 4 hadi 8 na nusu. Basi na aandike: kilo 80. Bado hesabu itasema ni mnene, lakini shinikizo la damu na sukari yake huenda vikaanza kushuka, na magoti yatapata nafuu.

Haya si maneno ya kumfariji. Mwaka wa 2002 matokeo ya utafiti mkubwa yalitolewa Marekani. Watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari walishiriki. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea, kwa dakika 150 kila juma. Kwa wastani walipunguza kilo 5.6 tu, lakini visa vipya vya kisukari vilipungua kwa asilimia 58 kuliko kundi lisilopewa mafunzo hayo wala dawa.

Usiharakishe. Nusu kilo kwa juma inatosha, na usipite kilo moja. Ukifika kwenye lengo, kaa hapo miezi kadhaa bila kurudi nyuma, ndipo uamue kama utaendelea kushuka. Jiulize maswali matatu: Je, niliwahi kuwa na uzito huu nikiwa mtu mzima? Je, naweza kula hivi pamoja na jamaa yangu kwa miaka mitano? Je, shinikizo na sukari vimepungua? Ukijibu ndiyo kwa swali la pili na la tatu, huenda uzito wako umeshaupata, hata kama jedwali linasema vingine.

Njia ya kufika huko si ngeni. Soda na sukari nyingi katika chai ziondoke kwanza. Nusu ya sahani iwe mboga. Muthokoi na kunde havina ubaya. Punguza mafuta ya kukaangia na ukubwa wa sahani. Tembea nusu saa siku tano kwa juma, na hizo ndizo dakika 150. Na mapema, mwambie mmoja wa wazee wa nyumbani kwamba unapunguza mwili kwa ushauri wa daktari. Atawajibu wengine kwa niaba yako.

Ambao hawapaswi kujipunguza

Mjamzito asijaribu kupunguza uzito. Watoto hawapimwi kwa viwango hivi vya watu wazima. Anayetumia insulini au tembe za kisukari amwone daktari kabla ya kubadilisha chakula, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka mno. Wazee pia washauriane na daktari, maana wao hupoteza misuli upesi.

Aliye chini ya 18.5 lengo lake ni kuongeza. Mwaka wa ukame watu wa namna hiyo si wachache Kitui, na wao wanahitaji chakula zaidi, si pongezi kwa wembamba wao.

Tena, ikiwa unapungua bila kutaka, nguo zikakulegea katika miezi michache, nenda hospitalini upimwe. Kifua kikuu, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, virusi vya UKIMWI na saratani huweza kuanza hivyo, na mengi ya maradhi hayo hutibika au hudhibitiwa yakigunduliwa mapema.

Juma hili, andika namba nne katika daftari: uzito, kiuno, shinikizo la damu na sukari. Mbili utazipima mwenyewe. Mbili utapimiwa katika zahanati iliyo karibu nawe. Chini yake andika lengo lako la kwanza na tarehe, miezi mitatu kutoka leo. Siku hiyo ikifika, pima zote nne tena. Usihukumu kazi yako kwa namba ya mizani peke yake.