Mwito wa usalama kwa magari ya zamani: anayopaswa kujua mwenye gari wa Lunga Lunga

Magari mengi madogo yanayobeba watu kati ya Lunga Lunga, Vanga, Kikoneni na Msambweni yaliendeshwa Japani kwanza kabla ya kuuzwa Kenya. Ni Probox, Vitz, Corolla, Honda Fit na mengineyo. Yamedumu kwa sababu ni imara na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Hata hivyo, baadhi ya magari ya umri huo yana kasoro ambazo watengenezaji walizitangaza miaka mingi iliyopita, na wenye magari hawajapata habari. Somo hili linaeleza kasoro hizo, namna ya kuzitambua na hatua za kuchukua.

Mwito wa kurejesha gari ni nini?

Mtengenezaji anapogundua kuwa kifaa fulani kinaweza kuleta hatari, hutangaza kwamba magari yote yenye kifaa hicho yarejeshwe kwa wakala wake ili kibadilishwe bila malipo. Huo ndio mwito wa kurejesha gari. Mwito haumaanishi kuwa gari zima ni bovu, wala haumaanishi kuwa dereva amelitunza vibaya. Kasoro ilitoka nalo kiwandani.

Mwito hulifuata gari, haumfuati mmiliki. Gari likiuzwa mara tano, kasoro hubaki palepale mpaka kifaa kibadilishwe.

Kisa cha mifuko ya hewa ya Takata

Mwito mkubwa zaidi katika historia ya magari ulihusu mfuko wa hewa, ambao wengi huuita eabegi. Kampuni ya Takata ya Japani iliiuzia mifuko hiyo Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, BMW na kampuni nyingine. Honda ilianza kurejesha magari mwaka 2008. Mwaka 2013 Toyota, Nissan na Mazda nazo zikaingia, na idadi ikaendelea kupanda. Nchini Marekani pekee, mifuko ipatayo milioni 67 iliwekwa chini ya mwito. Takata yenyewe iliomba kinga ya kufilisika Juni 2017.

Ndani ya usukani na dashibodi mna kopo dogo la chuma lenye kemikali. Gari likigonga, kemikali huwaka, hutoa gesi na kuujaza mfuko kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Takata ilitumia amonia naitreti. Kemikali hii ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, hubadilika na kuwaka kwa kasi kupita kiasi. Hapo kopo hupasuka, na vipande vya chuma humrukia dereva au abiria usoni, shingoni na kifuani.

Zaidi ya watu 20 wameuawa hivyo nchini Marekani. Nchini Malaysia, Julai 2014, mwanamke mjamzito aliyekuwa akiendesha Honda City ya mwaka 2003 alifariki baada ya kipande cha chuma kumpata shingoni. Ajali yenyewe haikuwa ya mwendo mkubwa. Ni ajali ambayo mtu angetarajia kushuka garini na kupiga simu ya bima.

Kwa nini Pwani ijali zaidi?

Kasoro hii hukua kwa mambo matatu: umri wa kifaa, unyevu wa hewa na joto linalopanda na kushuka kila siku. Ndiyo maana Marekani ilianza na maeneo yenye joto na unyevu kama Florida, Hawaii na Puerto Rico. Kwale ina hali ya hewa ya aina hiyo. Gari linaloegeshwa juani mchana kutwa na kulala nje usiku kwenye unyevu wa Pwani, mwaka baada ya mwaka, lina sababu zote tatu.

Kwa nini barua haikufika?

Kenya huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa halijapita miaka minane. Chukua mfano wa gari lililoundwa mwaka 2004 na kupakiwa melini mwaka 2011. Lilipoondoka Japani huenda halikuwa na mwito wowote. Mwito ulipotangazwa baadaye, barua ilitumwa kwa wamiliki walioandikishwa Japani. Aliyenunua Ukunda au Lunga Lunga hakuwa kwenye orodha hiyo.

Ukaguzi wa kawaida nao hauwezi kuliona tatizo hili. Mkaguzi hutazama breki, taa, matairi na usukani, lakini kopo la gesi limefungwa na kemikali iliyomo haipimwi kwa macho. Vilevile, taa ya eabegi kwenye dashibodi huonyesha hitilafu za umeme tu. Taa ikizimika kama kawaida, hilo si thibitisho kwamba kopo ni salama.

Jinsi ya kulikagua gari

1. Mwenye gari anakili nambari ya chasisi kutoka kwenye logibuku, kisha ailinganishe na ile iliyo kwenye kibati cha chuma chini ya boneti. Magari ya soko la Japani hayana nambari ya herufi na tarakimu 17. Probox, kwa mfano, inaweza kuanza na NCP51, kisha kistari na tarakimu saba. Kwa hiyo tovuti za Marekani hazitaitambua.

2. Apeleke nambari hiyo kwa wakala rasmi wa aina ya gari lake, au aitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani. Tovuti hizo zimeandikwa Kijapani, lakini simu inaweza kutafsiri ukurasa.

3. Aulize maswali manne: Je, gari lina mwito? Ni wa upande wa dereva, wa abiria au zote mbili? Je, limeshatengenezwa? Kifaa kilichowekwa ni cha kudumu? Swali la mwisho ni muhimu kwa sababu baadhi ya magari yaliwekewa kwanza kifaa cha muda cha aina ileile, na yanahitaji kubadilishiwa tena.

4. Aulize gharama kabla ya kuacha gari. Kazi ya mwito huwa bila malipo, lakini kwa gari lililoletwa na mtu binafsi utaratibu hutofautiana kati ya wakala na wakala. Jibu liwe la maandishi na lihifadhiwe pamoja na logibuku.

Gari likisubiri kutengenezwa, lisitumike pasipo lazima. Ikiwa mwito ni wa upande wa abiria, watu wakae kiti cha nyuma. Mkanda ufungwe kila safari.

Mambo ya kuepuka

Fundi wa kando ya barabara asifungue mfuko wa hewa. Kopo lile ni kilipuzi na linaweza kumjeruhi akiligusa vibaya. Mfuko uliotolewa kwenye gari lililopata ajali usinunuliwe, kwani unaweza kuwa na kasoro ileile au mbaya zaidi.

Tahadhari hiyo haiishii kwenye mifuko ya hewa. Mwaka 2012 Toyota ilirejesha magari zaidi ya milioni saba, ikiwemo Vitz, kwa sababu ya swichi kuu ya madirisha iliyo mlango wa dereva. Swichi ikianza kukwama, wengi huipulizia mafuta ya kulainisha. Toyota ilionya kwamba mafuta ya dukani yanaweza kuiyeyusha na kuleta moshi au moto. Swichi ya namna hiyo ipelekwe kwa wakala.

Haki ya mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Anayenunua gari kwenye yadi ana haki ya kupewa nambari ya chasisi kabla ya kulipa, na kumuuliza muuzaji kuhusu mwito. Malalamiko ya mlaji yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Maswali ya kujipima

Je, nambari ya chasisi ya gari la nyumbani inajulikana? Je, imewahi kuulizwa kwa wakala? Je, dereva anayewapeleka watoto shule kila asubuhi amewahi kuulizwa kuhusu gari lake? Palipo na jibu la hapana, logibuku itolewe leo na nambari inakiliwe. Kuuliza si ujinga.