Bakteria Hupeana Usugu

Wengi wetu hudhani bakteria hurithi usugu kwa mzazi wake tu. La! Wengine wana kipande cha DNA cha mviringo, plazmidi. Wakigusana, mmoja hutoa nakala akampa mwenzake, hata wa jamii nyingine. Mwaka 1959 watafiti wa Japani walionyesha kwamba E. koli, wakaaji wa kawaida wa matumbo, huwapa Shigela, waletao kuhara damu, usugu wa dawa kadhaa kwa mpigo.

Na haipotei ovyo. Plazmidi nyingine hutengeneza sumu pamoja na kizuizi chake. Bakteria akizaliwa bila plazmidi, kizuizi huisha upesi, sumu inabaki, naye anakufa. Janja kweli! Nasi tukimeza antibiotiki mbili tatu za dukani kwa mafua, ambayo ni virusi, tunaua bakteria wanyonge tumboni na kuwaachia nafasi wenye plazmidi.