Somo: Redio ya nyumbani ni ya nani?

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye, asubuhi na mapema, gavana alitangaza kwamba watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma wahame mara moja, waelekee Sake. Aliyesikia tangazo alijua kama mtaa wake umo. Mama asiye na redio wala simu alifuata umati, au alifuata uvumi.

Tukitembelea familia na kuuliza, "Je, mna redio?" wengi hujibu ndiyo. Lakini nani hununua mawe ya redio? Nani huchagua kituo? Mara nyingi ni baba. Akitoka, simu nayo hutoka. Kwa hiyo chombo kuwemo nyumbani hakumaanishi kwamba mama anapata habari.

Katika Kivu Kusini, shirika la Samwaki, yaani Sauti ya Mwanamke Kijijini, lilianzisha vikundi vya kusikiliza redio kwa ushirikiano na mradi wa Dimitra wa FAO. Wanawake walisikiliza pamoja, wakajadili, kisha maoni yao yakarudi redioni. Hawakuwa wasikilizaji tu, walisikilizwa pia.

Kuanzisha kikundi kama hicho:

1. Wamama wachague saa wenyewe, baada ya soko na shamba.
2. Redio iwe mali ya kikundi. Mmoja aitunze, mwingine atunze fedha za mawe.
3. Waume na mkuu wa mtaa waelezwe mapema. Redio ya kufichwa huleta ugomvi nyumbani.
4. Kabla ya kueneza habari, ulizeni: Nani amesema? Lini? Kituo kingine kimesema hivyo? Uvumi juu ya kabila fulani unaweza kumwaga damu.
5. Mama aliyebakwa asirekodiwe wala kutajwa bila ruhusa yake.
6. Vita vikikaribia, kama Januari 2025 M23 walipoingia Goma, msikusanyike. Mmoja asikilize, awajulishe majirani.

Maswali ya kujadili

- Nyumbani kwako, nani hushika redio na simu?
- Ni habari gani ilikufikia kwa kuchelewa? Ilikugharimu nini?
- Ni uvumi gani uliwahi kugombanisha majirani wenu? Nani angeweza kuuzuia?