Simu janja na mtoto mwenye kifafa

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 5 ana mtindio wa ubongo na kifafa. Leo tuko Hospitali ya Kitete, mwezi ujao Bugando, Mwanza, na kila daktari huanza kuniuliza upya. Shemeji ameninunulia simu janja. Niweke programu gani?
Mama, Kitete, Tabora

JIBU: Pole na kulea, mama. Programu ziache kwanza. Anza na kamera. Kifafa kikimshika, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mtu mwingine arekodi: macho yanaelekea wapi, upande gani umeanza kutikisika, dakika ngapi. Sisi madaktari mara nyingi tunasimuliwa tu. Video ya nusu dakika hutusaidia kutofautisha kifafa na mambo yanayofanana nacho. Zikipita dakika 5 hajatulia, acheni simu, mkimbizeni hospitali.

Piga picha kadi ya kliniki, majibu ya vipimo na boksi la dawa, miligramu zionekane. Daftari hulowa, na safari ya Mwanza ni ndefu.

Weka alamu za dawa. Hilo hata kitochi kinaweza, tena bila bando. Ongeza moja wiki kabla dawa haijaisha, maana kuikatisha ghafla huweza kuleta degedege kali.

Makundi ya WhatsApp ya akina mama yanafariji, sikatai. Ila dozi ya mtoto wa mwenzio imepigiwa hesabu kwa uzito wake, si wa mwanao. Na ile video usiirushe huko. Mwonyeshe daktari wake tu.